Mashine Hii Haitoki Peke Yake

Uliliona vumbi lile. Usiseme hukuliona. Ulipita mbele ya gereji, mlango umeinuliwa nusu, vumbi jeupe linamwagika nje kama unga wa gunia lililopasuka, na ndani yake mtu ameinama juu ya mashine inayonguruma. Ulipandisha kioo cha gari, ukakanyaga mafuta. Baada ya wiki mbili ukaingia humo humo kubadilisha matairi, ukaikuta sakafu inang'aa kama sahani, ukasema, "Lo, wamepapendezesha hapa!" Habari za yule mtu hukuuliza.

Yupo anayeuliza. Ni mwanamke, anakaa nyuma ya kaunta, na wanataka kumwondoa kwa sababu anauliza.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jytte Nørremark anavuta mlango wa bati wa duka la kukodisha vifaa, kwenye mtaa wa viwanda wa Ringkøbing, mji wa pwani ya magharibi ya Denmark. Anawasha taa, anabandika kahawa, na hata koti hajavua, anakwenda moja kwa moja kwenye mashine. Ni mashine ya kusaga sakafu, nzito kama jokofu. Anailaza chali, anapitisha kidole gumba kwenye meno yake ya almasi, moja baada ya jingine, kama mama anayemkagua mtoto meno.

"Hili limekwisha," anajisemea. "Huyu wa Ijumaa alikuwa anasaga au anapigana?"

Ana miaka hamsini na tisa. Kaunta hii ameishika miaka thelathini na mmoja. Analipwa krona elfu ishirini na saba kwa mwezi kabla ya kodi, na pensheni bado iko miaka minane mbele.

Wengi huja kwake kopo la epoksi, rangi ngumu ya sakafu, likiwa tayari ndani ya gari, wakidhani kazi ni kupaka. Jytte huwakalisha. Zege jipya lina ngozi laini ya saruji juu, na zege kuukuu limelowa mafuta na mabaki ya rangi. Ukipaka juu ya hayo, rangi itashika msimu mmoja, kisha itabanduka chini ya tairi kama maganda ya kiazi. Ngozi lazima iondoke, vinyweleo vya zege vifunguke.

"Kamwage maji kijiko kimoja," huwaambia. "Yakisimama kama shanga, sakafu imefumba mdomo: saga. Yakinywewa, ina kiu: paka. Usimsikilize mtu, hata mimi. Sikiliza maji."

Ukutani nyuma yake kuna kipande cha boksi, maandishi ya kalamu nene: MASHINE HII HAITOKI PEKE YAKE. Maana yake, kila mashine ya kusaga huondoka na kifyonza vumbi chake, kile kikubwa cha viwandani, chenye tumbo la chuma na mpira mnene unaofungwa kwenye mashine. Havitenganishwi. Si kwa fundi, si kwa mkulima, wala si kwa mchungaji wa kanisa, ambaye naye alijaribu.

Saa moja na robo anaingia Aksel Bundgaard, mkulima wa nje kidogo ya mji, buti za mpira miguuni, trela tupu nyuma ya gari lake.

"Habari za asubuhi, Jytte. Nipe ile ya kusaga. Siku mbili tu."

"Nzuri, bwana. Na mwenzake?"

"Mwenzake nani?"

"Unamjua. Yule mwenye kitambi."

"Aa, huyo mwache alale. Banda langu lina milango miwili, mmoja magharibi, mmoja mashariki. Nafungua yote, upepo unafagia. Upepo wa kwetu haukodishwi."

"Wala mapafu hayakodishwi, Aksel. Nimetafuta rafu zote."

"We mwanamke, mimi nina miaka sitini na mitatu, unanifundisha vumbi? Nimezaliwa kwenye vumbi."

"Ulizaliwa kwenye vumbi la shayiri. Hili ni la mawe. Shayiri ukiimeza unakohoa, mawe ukiyameza yanakaa."

"Sikitaki. Sikitaki, nimesema."

"Basi na mashine huitaki."

Aksel anasimama akiwa amevimba mashavu. "Nitapiga simu Aarhus."

"Piga. Nisalimie."

Anaondoka. Trela inadundadunda tupu mpaka kwenye kona.

Usimcheke Aksel. Kosa lake ni la pwani nzima hii. Hapa miti yote imeinamia mashariki na hakuna anayekumbuka siku ambayo nguo zilining'inia wima kwenye kamba. Upepo wa magharibi umeaminiwa tangu enzi za mababu: harufu ya zizi, moshi, maneno mabaya baina ya jirani na jirani, upepo utachukua. Na kweli huchukua, lakini huchukua lile vumbi nene unaloliona. Lile jembamba lisiloonekana hujificha nyuma ya mgongo wa mtu mwenyewe, pale mwili wake unapoukinga upepo, likazunguka usawa wa pua yake, likamsubiri avute pumzi.

Na kama hujui kampuni ya Aarhus ni ipi, ni ile iliyolinunua duka hili miaka miwili iliyopita. Jina halina haja, yako mengi ya aina yake. Kuanzia tarehe mosi Mei kampuni inataka kaunta ifungwe. Mashine zitakaa uani kwenye makabati ya chuma, mteja atachagua kwenye simu, ataletewa namba ya siri, atafungua, atabeba. Mashine ya kusaga itakuwa juu kabisa. Kifyonza vumbi kimewekwa chini, kwenye orodha ya "unaweza pia kuhitaji", baada ya glovu na mikanda ya kufungia mizigo.

Nao wanajua! Kitabu cha mashine hiyo hiyo, ukurasa wa nne, herufi za ukubwa wa chawa, kinasema isiwashwe bila kifyonza vumbi. Wameandika ili wasishtakiwe, kisha wakaipanga orodha yao ili usisome. Sisi wenye kumbukumbu hatujasahau. Asbesto nayo iliuzwa kwa mita, na aliyekuuzia alikwambia ufungue dirisha. Aliyekwambia akastaafu na saa ya dhahabu. Aliyefungua dirisha tulimzika.

Mwezi Februari Jytte alipewa barua ya onyo: amewakatalia wateja kumi na wanne. Akikataa mmoja zaidi, anafukuzwa.

Aksel angekuwa huyo mmoja.

Saa nne kasoro dakika tano, mlango unafunguka taratibu, na kigari kidogo cha umeme kinaingia dukani. Juu yake ameketi Preben, mume wa Jytte, thamosi katikati ya magoti, boksi la mkate mweusi na maini ya kusaga limefungwa kwa mpira. Ana miaka sitini na mmoja. Mapafu yake yanafanya kazi asilimia arobaini na moja. Daktari aliyeyapiga picha alimwonyesha madoa meupe, akamwambia ni makovu, na kwamba kila kovu lina chembe ya jiwe ndani yake.

Preben hasemi kitu mpaka pumzi itulie. Jytte anajua, anaendelea kupanga mipira ya mashine kana kwamba hajamwona. Akisikia pumzi imeshuka, ndipo anageuka.

"Umechelewa, mzee."

"Kulikuwa na... foleni."

"Foleni ya nini, Ringkøbing nzima ina magari sita?"

"Bata. Walikuwa wanavuka."

Jytte anamfungua kifungo cha juu cha koti, kile kinachombana shingo. Hakiombwi, hakishukuriwi. Wanakula wakiwa wamekaa juu ya kitako cha mashine ya kushindilia udongo, bega kwa bega.

Preben alisaga sakafu miaka ishirini na miwili. Viwanda vya samaki, mabanda ya ng'ombe, gereji, ghala, sehemu ya kuoshea magari unayoipita kila Jumamosi. Katika mkoa huu ni vigumu kukanyaga sakafu iliyopakwa rangi bila kukanyaga kazi ya mikono yake. Siku ya kwanza alipokuja kukodi mashine dukani hapa, Jytte alikuwa na wiki tatu kazini.

"Nilimwuliza kama anataka na ya kufyonza," anasimulia Jytte. "Wakati ule tulikuwa nayo moja, imekaa kona, hakuna anayeichukua. Akaniambia, dada, upepo ni bure. Nikacheka. Alikuwa na meno mazuri."

"Bado ninayo."

"Matatu."

"Siku hiyo nikarudi kuazima ufagio," Preben anasema. "Kesho yake nikarudisha ufagio, nikaazima ndoo. Wiki nzima. Vumbi lilikuwa jingi, nilikuwa na sababu."

Nje gari la mizigo linarudi nyuma likilia.

"Watu wanadhani namlaumu," anasema Preben. "Nimlaumu kwa lipi? Mimi ndiye niliyesema upepo ni bure."

"Na mimi ndiye niliyecheka," anasema Jytte. "Nilimpakilia mashine kwa mikono yangu. Siku ile, na siku nyingine mia baada ya hapo. Nilikuwa napika, namkung'utia nguo uani, namwambia wewe mwanamume unanuka sakafu. Hakuna aliyekuja kuniambia, Jytte, unamzika huyo. Ndiyo maana nawaambia wao. Wanichukie tu. Wakinichukia wakiwa wanapumua, sawa."

Simu ya kaunta inalia. Ni Mathias, meneja wa eneo, yuko Aarhus. Jytte anaiweka kwenye spika ili Preben asikie.

"Jytte, nimepigiwa na mteja mmoja hapa. Bundgaard. Ana hasira."

"Alikuwa na hasira toka kwake. Hakuipata hapa."

"Nimemkubalia. Anarudi saa sita, mpe mashine. Mashine tu, ndicho alichoomba."

"Mathias, mwanangu, umewahi kusaga sakafu?"

"Hilo siyo suala."

"Suala ndilo hilo."

Mathias si mtu mbaya, sauti yake inashuka. "Tafadhali, Jytte. Ukikataa hii, mimi sitakuwa na la kufanya. Unajua nini kitafuata."

Saa sita kamili Aksel anarudi. Jytte habishani naye tena. Anamsaidia kusukuma mashine juu ya trela, anaifunga mikanda minne, anahakiki kila fundo. Uso wa Aksel unaonyesha mtu aliyeshinda na hajui ushindi aufanyie nini.

"Haya, asante," anasema.

"Barakoa unayo?"

"Ninayo ya mwaka wa... ninayo."

Gari likishaondoka, Jytte anarudi kaunta, anachukua fomu ya kukodi, anaketi upande wa wateja.

"Wewe unafanya nini?" Preben anauliza.

"Nakodi kifyonza vumbi. Siku mbili."

"Unajikodisha mwenyewe?"

"Nimeambiwa mteja apewe alichoomba. Naomba." Anajaza jina, anwani, anatia sahihi, anazunguka upande wa pili wa kaunta, anatia sahihi tena. "Kitambulisho tafadhali, mama. Huyu mama simwamini." Anageuza kibao cha mlangoni kiseme ni wakati wa chakula, anafunga trela yake mwenyewe nyuma ya gari. "Unakuja au unabaki na bata wako?"

Shambani kwa Aksel milango yote miwili ya banda iko wazi kama alivyoahidi. Upepo wa magharibi unapita katikati na mashine inanguruma. Aksel ametazama magharibi, kule upepo unakotokea, na mbele yake hewa ni safi kabisa. Anaona anafanya kazi nzuri. Mashariki, nyuma ya mgongo wake, nje ya mlango wa pili, kuna vizimba vya ndama kumi na wawili. Vizimba ni vyeupe. Ndama ni weupe. Ng'ombe wa Aksel ni wekundu.

Kutoka garini hadi mlango wa banda ni hatua ishirini na nane. Jytte anataka kumshika mkono, Preben anautikisa: niache. Anatembea tisa, anasimama. Anatembea nane, anasimama. Aksel anamwona mtu, anazima mashine, na ukimya unaposhuka ndipo anaisikia ile pumzi, kama kamba inayovutwa kwenye kapi kavu. Anaisikia hatua saba nyingine. Anaisikia Preben akisimama tena.

Hawa wawili walicheza mpira wa mikono timu moja ujanani. Preben alikuwa winga, na wazee wa mji watakwambia hakuna aliyewahi kumkamata. Aksel alijua kwamba mwenzake anaumwa, kama sisi sote tunavyojua: alisikia, alipeleka keki siku moja, hakuingia ndani. Hajamwona miaka minane.

"Preben?"

Preben anainua kiganja: subiri. Aksel anasubiri. Ni mtu mkubwa, na mikono yake haijui pa kukaa.

"Nimekuja kuona banda," Preben anasema hatimaye. "Zuri."

"Karibu, ndugu yangu. Karibu ukae." Anapindua ndoo, anaifuta kwa mkono wa shati, na vumbi linatimka. Anaacha kufuta.

"Nitakaa huku nje. Humo siingii."

Aksel anatazama ndoo, anatazama shati lake. "Ni kwa hili?"

"Kwa hili hili. Hata upepo ni ule ule."

Kisha Preben ananyoosha kidole mashariki, na Aksel anageuka. Anawaona ndama. Mmoja anakohoa, kikohozi kidogo, cha kitoto. Aksel anakwenda pale, anapiga magoti kwenye matope, anamfuta pua yule ndama kwa kidole. Anakaa hivyo muda mrefu, amewapa mgongo.

Jytte hamsubiri alie wala asilie. Ameshashusha mbao za trela.

"Aksel! Njoo ushike huku, hiki kitu kina kilo sitini na mimi nina mgongo mmoja. Na usinishukuru. Nimekikodi kwa jina langu, nataka kirudi safi."

Wanawaosha ndama kwanza, kwa maji ya uvuguvugu, ndoo kumi na moja. Wanalowesha vumbi lililotua kabla ya kulizoa, kwa sababu kulifagia kavu ni kulirusha tena. Aksel anapewa barakoa mpya. Mpira unafungwa, kifyonza vumbi kinawashwa kwanza, mashine baadaye. Preben, kwenye ndoo yake nje, anasikiliza ameinamisha kichwa.

"Mpira haujakaza," anasema. "Unapiga mluzi."

Jytte anaukaza. Mluzi unakoma. Jua linaingia kwa mlango wa magharibi mpaka katikati ya banda, na ndani ya mwale wake hakielei kitu. Saa kumi Aksel anamwaga kijiko cha maji kwenye sehemu aliyoisaga. Maji yananywewa kabla hajasimama wima.

Ndipo anatoa simu mfukoni.

"Mathias? Bundgaard hapa. Mimi ndiye niliyelalamika asubuhi. Nataka kuliondoa lalamiko."

"Samahani sana, bwana. Lalamiko likishaingia kwenye mfumo halitoki."

"Basi ingiza jingine. Andika: nalalamika kwamba mlinipa mashine."

"Lakini... ndiyo uliyoomba?"

"Ndiyo. Mlinipa nilichoomba. Lalamiko langu ndilo hilo. Una kalamu?"

Usifurahi mapema. Onyo la Jytte halijafutwa. Kampuni, ilipoulizwa na gazeti hili, ilijibu kwa mistari mitatu kwamba mteja hupewa taarifa zote na kuachiwa uhuru wa kuchagua. Uhuru! Mtu mwenye kopo la rangi garini, haraka kichwani, na orodha iliyopangwa ili asione: huyo ndiye mmemwita huru. Fundi wa kampuni kubwa atakaguliwa. Baba anayesaga gereji yake, mkulima anayesaga banda lake, kijana aliyefungua duka la baiskeli na kusaga mwenyewe ili aokoe gharama, hao hakuna anayewakagua. Walikuwa na Jytte tu.

Tarehe 24 mwezi huu ameitwa Aarhus. Haendi kuomba kaunta yake. "Kaunta wachukue," anasema. "Mimi si fenicha." Anakwenda na ombi moja: makabati yakiwekwa, mashine ya kusaga na kifyonza vumbi vikae kabati moja, namba moja, bei moja. Ukifungua, unavikuta viwili. Haihitaji mwanamke mkali wala kipande cha boksi. Inahitaji fundi wa kabati na nusu siku.

Preben anataka kwenda naye. Ofisi iko ghorofa ya tatu, na lifti imeharibika.

"Huendi," anasema Jytte.

"Nakwenda."

"Ngazi hamsini na nne, Preben. Nimeuliza."

"Watanisubiri. Nimewasikia... hawana haraka ya kitu."

Anamtazama. Anamfunga kifungo cha juu cha koti, kwa sababu jua linashuka na upepo umekuwa wa baridi. "Basi tutaondoka saa moja kabla," anasema.

Na wewe usibaki umekaa na gazeti. Leo ni tarehe 16. Ofisi ya kampuni ina simu na ina anwani, na duka lolote unalokodi vifaa lina mwenyewe. Piga, andika, nenda: namba moja, vifaa viwili, kabla ya tarehe 24, siyo baada. Na kama hapo ulipo unasikia mashine inasaga zege kavu jengo la pili, weka gazeti hili chini uende. Mguse bega aliyeishika, azime. Nenda sasa, hajamaliza chumba.